Darasa la kwanza: KKK tupu au na Kiingereza humo humo? Mi naona hivi

Kila Januari huku Mbeya mvua inapiga, mitaa imejaa tope, na wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza wanaanza ile ligi yao ya kulinganisha. Wa kwako anajua nini? Wa kwangu anasema gudi moning ticha, rangi zote anazitaja kwa Kiingereza, ripoti yake ina picha na muhuri. Mwingine kakaa kimya kwa sababu wa kwake yuko kayumba, yaani shule ya serikali, bado anaumba herufi a hewani kwa kidole. Ligi yenyewe naona haina maana sana ila ndani yake kuna swali zito: mtoto wa miaka sita, mwaka wake wa kwanza shuleni, apewe KKK peke yake yaani kusoma, kuandika na kuhesabu mpaka akolee, au na Kiingereza kianze humo humo?

Nchi hii imeshajibu hilo swali mara tatu, na kila mara jibu tofauti. Kabla ya 2015 watoto wa darasa la kwanza walikuwa na masomo kibao, Kiingereza kikiwemo. Alafu Uwezo, wale wa shirika la Twaweza, 2010 na 2011 wakapita nyumba kwa nyumba kupima watoto, wakakuta wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili ni kama watatu tu kati ya kumi. Watu wakashtuka. Ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa wa 2013 na KKK ikawa wimbo wa kila kikao, na 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukafumuliwa, ikaamuliwa angalau asilimia 80 ya muda iende kwenye KKK na Kiingereza kisubiri darasa la tatu. Sasa toleo la 2023 la Sera ya Elimu limegeuza tena, mtaala mpya ukaanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza, na Kiingereza kikarudi darasa la kwanza. Ukiwa na watoto watatu waliopishana vizuri kila mmoja kaanza shule kwa mtaala wake, na we mzazi unaambiwa uwasaidie homuweki.

Tuanze na upande wa KKK tupu maana ndo naouona una ushahidi mwingi. Kiswahili kinasomeka kirahisi, hilo hatulisemi vya kutosha. Irabu tano, kila moja ina sauti moja na haibadiliki ukienda Kyela ukienda Makambako, mtoto akishika ba be bi bo bu na akajua kuunganisha basi neno lolote analifungua hata kama hajawahi kuliona. Mwalimu mzuri akipewa mwaka mmoja bila kusumbuliwa anaweza kumtoa mtoto kwenye sifuri mpaka kusoma sentensi. Sasa chukua mtoto huyo huyo yuko wiki ya nane, ndo kwanza a e i o u zinaanza kumkaa kichwani, kipindi kinachofuata anaambiwa hii e sasa inaitwa i, na hii i inaitwa ai, na hii a ni ei. Mkubwa anaona ni vitu viwili tofauti, ila kwa wa miaka sita ubao ni ule ule na chaki ni ile ile na mwalimu ni yule yule.

Na wapo watafiti waliopima hayo mabadiliko ya 2015 kwa takwimu za nchi nzima, kabla na baada. Walikuta kusoma na kuhesabu kulipanda ndani ya mwaka mmoja tu na walioacha shule wakapungua hata miaka kadhaa mbele. Sio jambo dogo hilo, nchi ngapi zimebadili mtaala na hakuna kilichobadilika darasani.

Ila utafiti huo huo una nusu ya pili ambayo wapenzi wa KKK tupu huwa wanairuka. Kwenye mtihani wa darasa la nne ufaulu wa masomo ambayo hayakuwa kwenye KKK ulishuka. Inaeleweka, muda ni ule ule, ukivuta upande mmoja upande mwingine unafunuka. Mtoto alikuwa anakutana na Kiingereza darasa la tatu, mwaka unaofuata tayari anakutana na upimaji wa kitaifa, na mwalimu anakimbizana na mada.

Na hapo ndo upande wa pili unapata nguvu. Sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza, upende usipende. Mtoto wa inglishi midiamu pale mjini anaanza kukisikia akiwa na miaka mitatu, wa kayumba ulikuwa unamwambia asubiri mpaka ana nane au tisa, alafu wote wawili mnawakutanisha kidato cha kwanza mnawapa kitabu kimoja cha Baiolojia. Anayeitetea KKK tupu inabidi amjibu mama muuza ndizi wa Kiwira anayeuliza kwanini mtoto wa mwenye hela aanze mapema na wake achelewe kwa makusudi ya serikali. Mi sina jibu la kumridhisha huyo mama, na nadhani hakuna aliye nalo.

Alafu kuna hili la miaka sita. Kwa mtaala mpya msingi unaishia darasa la sita badala ya la saba, na elimu ya lazima inaenda mpaka mwisho wa kidato cha nne. Walioanza darasa la kwanza 2024 watamaliza msingi 2029, na safari hii hakuna lile chujio la mtihani wa mwisho la kuwabakiza wengine nyumbani, wote wanatakiwa waingie sekondari. Kwahiyo tumepunguza mwaka mmoja wa maandalizi na hapo hapo tumeongeza idadi ya watakaogonga mlango wa Kiingereza. Ukiweka hivyo, kukianzisha Kiingereza darasa la tatu ilikuwa haiwezekani tena. Waliokirudisha hawakuwa wajinga.

Sasa mpaka hapo utaona kama nimeshahamia upande wa Kiingereza. Subiri kwanza, maana hoja zote hizo mbili zinamchukulia mtoto wa mjini, mtoto wa Soweto au Mabatini hapa Mbeya au Kihesa kule Iringa, aliyekua na Kiswahili mdomoni. Panda gari mpaka Busokelo ndani ndani, au Makete, au Kilolo kwenye vijiji vya mbali, mtoto anafika shule kichwani ana Kinyakyusa, Kikinga, Kihehe, na Kiswahili anakijua cha kuombea maji tu. Hata zile sauti zenyewe, r na z kwa mtoto aliyekua na Kinyakyusa tupu ni ngeni, anaandika "lafiki" kwa sababu ndivyo anavyosema, ndivyo bibi yake anavyosema, na mara nyingine ndivyo mwalimu mwenyewe anavyosema akichoka. Kwa huyu Kiswahili ndo lugha ya pili, anajifunza kusoma kwa lugha ambayo bado anajifunza kuiongea. Kiingereza kwake ni cha tatu. Kuna walimu wanamsaidia kimya kimya kwa lugha ya nyumbani, mwongozo hausemi hivyo ila ukiwa na mtoto analia hajui umemwambia akae au asimame utafanyaje.

Ndo maana nasema ratiba moja kwa nchi nzima inawapiga watoto tofauti. Wa Soweto vipindi vya Kiingereza vinamwongezea kitu. Wa Busokelo vinaweza kumnyang'anya muda alioutaka sana wa kuelewa Kiswahili, na darasa la awali ambalo ndo lingemtayarisha kwa lugha, wengi wanalipita juu juu au shule iko mbali na mvua za Rungwe sio za kumtuma mtoto wa miaka mitano kilomita tatu peke yake.

Na wingi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Tangu elimu bila ada ianze 2016 darasa la kwanza la shule za pembezoni mwa mji linajaa mpaka madirishani, mwalimu mmoja, na daftari zote hizo kusahihisha. Kufundisha sauti ya herufi kunataka umsikie kila mtoto kwa zamu. Kipindi cha nusu saa ukigawa kwa watoto themanini hupati hata sekunde 25 kwa kila mmoja. Kwahiyo wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti kubwa nzuri, na mgeni akipita anasema darasa hili linajua. Wanajua wimbo.

Kitu kingine ambacho mijadala ya mtaala haikigusi kabisa ni tumbo. Kwa takwimu za afya za 2022 Iringa ndo mkoa unaoongoza kwa udumavu, karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, Njombe kama 50, wakati taifa ni 30. Mikoa ya mahindi, viazi, maziwa na maparachichi! Udumavu unagusa ubongo, na mtoto yule yule aliyepimwa akiwa na miaka mitatu ndo anakaa kwenye dawati la darasa la kwanza akiwa na sita, asubuhi ya baridi ya Juni, hajala kitu toka jana jioni. Tunabishana tumpe lugha moja au mbili na hana hata uji. Shule zenye uji zinategemea michango ya wazazi, na kwenye vikao vya wazazi mchango wa uji una ubishi kuliko wa mlinzi.

Haya, msimamo wangu. Kiingereza kibaki darasa la kwanza ila kiwe cha masikio na mdomo tu, hakuna kuandika, hakuna kusoma, hakuna mtihani wa karatasi. Nyimbo, amri ndogo ndogo, kutaja vitu vilivyopo darasani, njoo, kaa, fungua mlango, hiki nini. Watoto wa umri huu wanadaka lugha kwa kusikia na kucheza, hiyo nguvu tuitumie. Kusoma na kuandika kuwe kwa Kiswahili peke yake mpaka mtoto athibitike anasoma, na hapo ndo herufi za Kiingereza zije, kwa wengi itakuwa darasa la pili katikati. Kigezo tunacho, ile EGRA ya kupima wasomaji wachanga imeweka maneno 50 kwa dakika kwa wa darasa la pili, tena kwa ufahamu. Ambaye hajakaribia hapo, kumwongezea tahajia za Kiingereza ni kumchosha.

Najua kuna atakayesema mtaala tayari unataka Kiingereza cha kuongea kwanza. Sawa, ila nenda kafungue daftari. Wazazi wanataka kuona maandishi, mwalimu anajua mzazi anataka kuona maandishi, basi siku inaisha kwa kunakili "This is a cup" mara kumi kutoka ubaoni na tiki nyekundu chini yake, mtoto kachora tu hajui kaandika nini. Hapo sisi wazazi tuna lawama kuliko mtaala, na midiamu za bei ya chini zimeukamata huo udhaifu wetu vizuri sana. Nimekutana na watoto wa shule hizo wanahesabu mpaka mia kwa Kiingereza bila kukosea, ukimpa vizibo kumi na tano umwambie atoe saba vibaki vingapi anakuangalia tu.

Kama una wa darasa la kwanza nyumbani usimuulize kesho amejifunza Kiingereza gani. Chukua kitabu chake cha Kiswahili, funika picha kwa kiganja, alafu mwonyeshe neno la katikati ya mstari wa tatu sio la mwanzo. Wengi wamekariri ukurasa mzima, wanasoma huku wanaangalia dirishani, ukimrukisha neno anarudi mwanzo wa sentensi kwenda kulitafuta kwa wimbo. Akilisoma lenyewe bila kurudi nyuma basi anasoma. Ukimaliza mwandikie neno ambalo halipo duniani, kama "mubeto", uone kama analifungua kwa silabi.

Pengine utauliza walimu. Mwalimu wa darasa la kwanza angetakiwa awe ndo bora kuliko wote pale shuleni na mafunzo ya mara kwa mara, Iringa na Ruvuma walipata kitu kwenye Tusome Pamoja, ule mradi wa Wamarekani ulioanza 2016, Mbeya haikuwemo kwenye orodha yake. Na miradi inaisha, tumeona. Nachoona mara nyingi ni mwalimu aliyezoea darasa la saba anapelekwa la kwanza kama adhabu, au anapewa mama wa watu aliyebakiza mwaka astaafu, eti wadogo hawana kazi. Sasa huyo huyo ndo tunamkabidhi lugha mbili na watoto themanini. Wizara ikitaka Kiingereza cha darasa la kwanza kifanye kazi kule Makete, ianze na kumpa huyo mwalimu msaidizi darasani, hata kijana wa kidato cha sita anayesubiri chuo, akae na nusu ya watoto nje chini ya mti na vijiti vya kuhesabia wakati mwenzake yuko ndani anasikiliza mmoja mmoja wakisoma.