Uwanja upo, abiria tuko kwenye basi

Wana Tanga wenzangu, mpaka lini? Uwanja wa ndege tunao, tena mjini hapa hapa, bodaboda haijapata moto umeshafika. Lakini ingia pale asubuhi uone: viti vitupu, kimya, utadhani shule imefungwa!

Uliza nauli sasa. Utashika kichwa! Unaambiwa ni ghali kwa sababu abiria hawapo. Jamani, na abiria watatoka wapi kwa nauli hiyo? Kwenye mkonge?

Majuzi nampeleka mama Dar, mgongo unamsumbua, basi haliwezi. Nikajinyima, nikakata tiketi za panga boi, ile ndege ndogo inayozunguka Pemba na Unguja kwanza. Tumefika mapema, mama kavaa kanga mpya, kikapu cha machungwa ya Muheza kimeshawekwa kwenye mzani. Simu ikalia. Abiria hawakutimia, njooni kesho. Kesho? Daktari anatusubiri leo!

Tukaenda Kange, stendi ya mabasi. Kilomita kama 350, Segera, Chalinze, matuta yasiyohesabika, mama kaegemea mto, kila tuta anasema "yarabi". Masaa sita na ushee, safari ambayo kwa ndege ya moja kwa moja haifiki hata saa nzima!

Halafu mtu anasema watu wa Tanga hatupendi kupanda ndege. Nani kakwambia? Tupeni ratiba isiyoyeyuka na nauli ya mtu anayeuza samaki sokoni Deep Sea, muone kama hivyo viti vitabaki vitupu.