Sikupika supu ya kabureta (ila hotpoti ni kweli)

Haya jamani, mnaonitumia picha za bakuli tangu jumamosi nimewaona wote. Na wewe uliyeniuliza kama kabureta inaliwa na ndizi au chapati, nakujua, na kwenu napajua.

Yule mshkaji wangu wa bodaboda, ambaye kuanzia leo namuita jirani tu, karusha video ya sekunde arobaini na maandishi juu: FUNDI KAPIKA SUPU YA KABURETA KWENYE SUFURIA YA MAMA YAKE. Sasa uongo una mipaka. Kwanza haikuwa sufuria. Pili, kabureta yenyewe, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa safi, haijaguswa na tone la hiyo supu. Nilichoharibu ni vile vidude vya pembeni. Ndiyo, ni vidude ambavyo bila vyenyewe gari haiendi, ila tutafika huko.

Mnakumbuka ile Landrover Festival ya Arusha Oktoba 2024? Basi tangu ile siku kila mzee mwenye 109, ile Landrover ndefu ya zamani, imelala chini ya mparachichi kaamka. Landrover ambayo kuku walishataga kwenye siti sasa hivi inaitwa klasiki, na mwenyewe anataka ing'ae mpaka kwenye injini. Ndo hapo nikapata kazi. Nilianza na boliti za Pijo 504 ya shemeji, nikazichovya zinki zikatoka nyeupe safi, shemeji akapost, nikavimba kichwa. Kwa wasiojua kuchovya ni nini, ni kama ile dhahabu ya kuchovya mnayowadanganyia wachumba, tofauti yake hapa tunapaka zinki juu ya chuma ili kutu ikija ianze kula zinki kwanza. Zinki inajitoa mhanga, chuma kinabaki. Hiyo sentensi ishikilieni.

Mzee akaniletea kabureta ya 109 yake, Series III ya petroli, ile injini ya lita 2.25. Kabureta ni Zenith 36 IV. Mafundi wengi wakiiona wanakwambia tupa hiyo tukufungie nyingine, maana inajulikana kwa ugonjwa mmoja: mfuniko wake unapinda, joto la injini na watu kukaza skrubu kwa hasira, basi petroli inavujia ndani kwa ndani, gari inatoa moshi mweusi, inakunywa mafuta kama ina arusi, na ikisimama sailensa, yani ule mngurumo wa gari bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kama ina homa. Hilo nililitibu na nalitamka kwa kujivuna. Nililaza msasa juu ya kioo (kioo kilikotoka msiulize), nikausugua ule mfuniko taratibu kwa mzunguko wa namba nane mpaka ukalala bapa kabisa, nikaweka oringi mpya (ile pete ya mpira), jeti, vile vitundu vya petroli, nikazipuliza moja moja, flota, lile boya la ndani, nikaipima. Kazi ya kiume. Hii haipo kwenye video, si ndio?

Na bodi ya kabureta sikuitia kwenye asidi wala siki, maana ile ni aloi ya zinki yenyewe, ukiiweka kwenye siki ya moto inaanza kuliwa huku unaiangalia. Niliisugua kwa mafuta ya taa na mswaki. Kwahiyo msiniite mjinga wa kila kitu. Nina ujinga wa sehemu moja.

Shida ilikuwa vile vya chuma: mkono wa kabureta unaovutwa na fimbo za eksileta, kamkono ka choki, na skrubu za mfuniko. Vimekula kutu. Mzee anataka ving'ae, kwasababu jumamosi saa nane mchana 109 inambeba mjukuu wake kwenda kanisani, na kamati nzima ya harusi ameshaitangazia kwamba boneti litafunguliwa watu waone.

Nikaandaa maji ya kuchovyea. Siki lita moja na nusu, sukari kijiko kikubwa, na chumvi ya haluli pakiti nne. Dada wa duka la dawa kaniuliza kwa upole mgonjwa ana siku ngapi hajapata choo. Nikamwambia ni kwa ajili ya Landrover. Akanipa pole. Zinki nilipata kwa kupasua betri nne kubwa za tochi zilizokufa, unatoa ule unga mweusi, unasugua gamba lake mpaka ling'ae, lile gamba ndo zinki. Nikaliloweka kwenye siki siku mbili liyeyuke kidogo.

Sasa yale maji yanafanya kazi vizuri yakiwa na uvuguvugu. Nikawaza, nyumba hii ni kitu gani kinatunza joto usiku kucha?

Ndiyo. Hotpoti. Ile kubwa ya maua mekundu, ndani plastiki nyeupe, inayotoka kabatini krismasi na mgeni wa kutoka Dar akija. Na ili kuyapasha yale maji kabla ya kuyamimina... nilitumia sufuria ya chai. Kwahiyo mshkaji hajadanganya kwa asilimia mia, naomba tusonge mbele.

Umeme wa kuchovya unatakiwa kidogo sana, betri moja ya tochi ya volti moja na nusu inatosha, unakwenda polepole zinki inakaa nyororo. Mimi nina haraka, ni ijumaa usiku. Nikakata waya wa chaji ya simu, volti 5. Dukani vile vibanio vya mamba vya kushikia waya vilibaki vyekundu tu, vyote viwili, nikasema rangi ni urembo, nikafunga selotepu kwenye kile cha hasi. Hasi inashika kitu unachotaka kukichovya, chanya inashika zinki. Hii naijua hata nikiwa usingizini, na ndo kosa langu, niliifanya nikiwa usingizini.

Nilijaribu kwanza na boliti moja, ikatoka safi, kijivu cha fedha. Nikaning'iniza mkono na skrubu kwa waya mwembamba wa shaba kama mishikaki. Saa tatu umeme ukakatika. Nikavitoa vibanio nisije nikasahau, nikajilaza. Saa tano umeme unarudi, nakurupuka, natafuta kibanio chenye selotepu. Hakuna chenye selotepu. Selotepu inaelea kwenye siki kama kipande cha kitunguu.

Nikasimama pale na tochi ya simu mdomoni, nikawaza kama sekunde tatu hivi, nikabana. Mapovu yakaanza. Nikasema si unaona, kazi inaendelea. Sikujiuliza mapovu yanatokea upande upi. Jamani mapovu ni mapovu! Nikafunika hotpoti kwa taulo nikaenda kulala kwa amani, nikaota kamati ya harusi inanipigia makofi.

Saa moja kasoro asubuhi mzee huyu hapa mlangoni, koti la suti, kofia, kaletwa na nani? Na mshkaji. Bodaboda yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Nimeona nije mwenyewe nishuhudie."

Hapa ndo pa kusimama kidogo, maana ningeweza kusema mzee subiri nje nikutolee. Mtu mwenye akili angefungua kwanza peke yake. Lakini mimi nikasema, "Mzee umekuja wakati mzuri," nikaibeba hotpoti kwa mikono miwili kama maharagwe ya sherehe, nikaiweka uani, mezani, juani. Nikamuita na jirani anayefua. Mama akatoka na ufagio. Mshkaji akatoa simu, na mimi, msikilizeni vizuri, MIMI, ndo nilimwambia rekodi hii. Nikatoa na kahotuba. Nikawaambia zinki inajitoa mhanga ili chuma kibaki. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikafungua mfuniko.

Maji niliyoyaacha meupe yamekuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala, juu kuna povu la kahawia, na harufu ni achari na msumari. Hapo moyo ulishajua. Mdomo ndo ulikuwa bado, ukasema, "Hii rangi ni ya kawaida." Nikashika ule waya wa shaba kwa vidole viwili, nikaanza kuvuta juu polepole, kama mvuvi aliyeshawaambia watu samaki ni mkubwa. Ikatoka skrubu ya kwanza. Nasema skrubu kwasababu najua ilikuwa skrubu. Ilikuwa njiti, kichwa hakipo. Ya pili ikatoka, ikanionea huruma, ikadondoka yenyewe, tii, ikarudi majini. Nikaendelea kuvuta, sijui nilikuwa nategemea nini kule chini. Halafu ukatoka mkono wa kabureta, mweusi, vishimo vishimo, mwembamba kama mfupa wa dagaa, na lile tundu la kufungia fimbo ya eksileta limepanuka mpaka limetokea pembeni, yani tundu halina ukuta, ni ghuba. Na kule upande wa pili, vipande vya betri zilizokufa vimekaa vizima kabisa, vimevaa koti jeusi, vimenenepa.

Usiku ule chuma ndo kilijitoa mhanga kwa ajili ya betri mbovu ya tochi.

Hakuna aliyeongea. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye waya. Mzee akasogea, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Mimi nilikuletea chuma."

"Ndiyo mzee."

"Sasa chuma kiko wapi?"

Na mimi, kwa kuwa kemia ya fomu three haijanitoka, nikajibu ukweli wa kisayansi: "Kiko kwenye maji mzee."

Mzee akainama akachungulia majini. Kwa kweli akachungulia, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta samaki kisimani. Ndipo mama aliyekuwa kimya muda wote akasema kwa sauti ile ndogo, ile ambayo afadhali angepiga kelele, "Maji gani? Hiyo siyo hotpoti yangu?"

Video inakatikia hapo kwasababu mshkaji alikaa chini kwa kucheka.

Mengine yalikwenda haraka. Tukapanda pikipiki watatu (trafiki kama unasoma hii ni hadithi tu) mpaka kwenye gereji moja yenye 109 imekufa nyuma ya choo, nikang'oa mkono na skrubu, elfu thelathini, havijachovywa, vina kutu yao ya asili na nikaviheshimu. Nikafunga kwa mikono inayotetemeka. Saa sita na robo ikawaka kwa kupiga mara moja, sailensa imetulia kama saa ya ukutani, moshi hakuna. Bi harusi akafika. Boneti halikufunguliwa, mzee aliwaambia kamati kuna joto.

Kwa udadisi nikaupima ule mkono kwenye mzani wa duka: gramu 13. Ule niliong'oa kwenye gari mbovu, gramu 22. Gramu tisa za Uingereza zimelala kwenye hotpoti ya krismasi, na hapo skrubu sijahesabu.

Hela ya kazi sikuchukua, nilijaribu kukataa kabla hajasema hanipi. Hotpoti mpya nimenunua, na mama kaiandika kwa makapeni ubavuni YA WALI. Video kaipata kwenye grupu la kikoba, akaijibu kwa ile alama ya mikono miwili, sijui anaomba au ananishukuru.

Mzee hana kinyongo, tatizo ni kwamba hana kinyongo kabisa. Ule mkono ulioliwa ameuomba, nikadhani anataka kunifungulia kesi. Kautundika kwa ule ule waya wa shaba kwenye kioo cha katikati cha 109, pale watu wanapoweka rozari, na kila akisimama sheli vijana wakimuuliza mzee hicho ni nini, anazima gari kabisa ili asimulie vizuri.