Miaka 14 ya Yakobo Iliyopotea

Wengi wetu tulisimuliwa habari za Yakobo kisimani kama za kijana mbichi, analivingirisha jiwe ili awanyweshe kondoo wa Raheli. Kwa hesabu za marabi, walimu wa Kiyahudi, siku ile alikuwa na miaka 77.

Hebu tuhesabu. Yakobo anamwambia Farao kuwa ana miaka 130. Yusufu wakati huo ana 39: alisimama mbele ya Farao akiwa na 30, ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa. Basi alizaliwa baba yake akiwa na 91, ilipotimia miaka 14 ya kumtumikia Labani kwa ajili ya binti zake. Toa 14, zinabaki 77.

Sasa upande wa pili, ninaoupenda zaidi. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika kitabu chake cha Megila, inauliza kwa nini Torati imetuhesabia miaka ya Ishmaeli. Ni ili tuijue ya Yakobo. Ishmaeli alimzidi Isaka miaka 14, na Isaka alimpata Yakobo akiwa na 60. Kwa hiyo Ishmaeli alipofariki na miaka 137, Yakobo alikuwa na 63. Lakini alifariki lini? Esau, ndugu yake alipokwisha kuondoka, alimwoa Mahalathi "binti Ishmaeli", na Torati inaongeza kuwa ni dada wa Nebayothi. Kaka anatajwa wa nini? Rashi, mfafanuzi wa Maandiko wa karne ya 11, anajibu: baba alikubali posa kisha akafa, kaka ndiye aliyemwoza. Mtu aliyezoea harusi za kwetu analielewa hilo mara moja.

Basi Yakobo aliondoka nyumbani akiwa na 63. Kutoka 63 hadi 77, alikuwa wapi? Marabi wanasema alikuwa nyumbani kwa Eberi, babu wa kale wa Ibrahimu, akisoma Torati. Jibu hilo ni lao, ila pengo limo katika Maandiko yenyewe, na anayeruka orodha za umri hataliona kamwe.

Wanaongeza kwamba kwa miaka hiyo 14 hakuadhibiwa kwa kuwa mbali na wazazi wake, kwa sababu ya masomo. Aliadhibiwa kwa 22 iliyofuata, 20 kwa Labani na 2 njiani: Yusufu naye alipotea machoni pake miaka 22, tangu 17 hadi 39. Hapo moyo wangu unasita. Rebeka alimwambia mwanawe akakae kwa Labani "siku chache". Jumla ikawa miaka 36, na Torati haisemi popote kwamba mama na mwana walionana tena.