Kitenge cha Uholanzi na Rafiki Niliyemficha

Wiki moja baada ya posa yangu kupokelewa nilikwenda Kariakoo kumnunulia mchumba wangu kitenge, tena si kitenge hivi hivi, bali yadi sita za ile waksi, kitambaa kinachotiwa rangi kwa mbinu ya nta, ambayo wanawake wengi wa Dar es Salaam, kama wenzao wa Kongo, huitaja kwa heshima kuwa ni ya Uholanzi. Muuzaji alikikunjua juu ya meza, akaniwekea kidole kwenye maandishi ya ukingoni, akasema mzigo umeingia wiki ile ile kutoka nje. Sikuuliza swali la pili. Neno "kutoka nje" lilinitosha, nikatoa fedha ambazo siku nyingine ningenunulia vitenge vinne na chenji ikabaki.

Wakati huo nilikuwa na rafiki, na bado ninaye, mwanamke niliyesoma naye sekondari, anayeuza vitambaa mitaa miwili tu kutoka duka lile. Angekishika kitambaa kile mara moja akaniambia ukweli wake. Sikwenda kwake, nilizunguka njia nyingine kabisa ili asinione. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki pasipo kuwapo jambo jingine kati yao, na nilihofia kwamba mchumba wangu akijua kuwa mkono wa mwanamke mwingine umeshiriki kuchagua zawadi yake, zawadi yenyewe ingeingia doa.

Kitenge kilipofuliwa mara ya pili, maji ya beseni yaligeuka buluu, na shuka nyeupe iliyolowekwa pamoja nacho ikatoka na mabaka. Nilijiandaa kulaumiwa kwa fedha zilizopotea. Badala yake mchumba wangu aliniuliza, "Si una rafiki yako anayeuza vitambaa? Kwa nini hukumwuliza?" Alikuwa na habari za rafiki huyo tangu mwanzo, kwa kuwa dada yangu alikwisha kumsimulia, na kilichomuumiza si kitambaa bali ni kwamba nilimficha mtu ambaye hapakuwa na sababu yoyote ya kumficha.

Nimelitafakari swali lile kwa muda mrefu, na ninaona kwamba kosa langu ni la wengi wetu. Tunaviamini kwa moyo mweupe vitu vilivyovuka bahari, ambavyo hatumjui aliyevitengeneza wala aliyevisafirisha, lakini mtu tuliyekua naye, ambaye tunaweza kulipima neno lake kwa miaka ishirini ya mwenendo wake, tunamtilia shaka kwa sababu tu yeye ni mwanamke na sisi ni wanaume, au kinyume chake.

Hata huo u-nje wenyewe una historia ndefu kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Vlisco, inayotengeneza hiyo waksi ya Uholanzi na iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond huko huko Uholanzi, iliichukua mbinu yake kutoka kwa mafundi wa batiki wa kisiwa cha Java, wakati huo kikiwa chini ya utawala wa Waholanzi, na wateja waliokuja kuipatia jina wakawa ni Waafrika wa magharibi na kati. Kanga yetu nayo, ambayo Mombasa bado wanaiita leso kwa neno lililotokana na Kireno, husimuliwa kuwa ilianza kwa wanawake wa pwani kuunganisha vitambaa vya mraba vilivyoletwa na meli katika karne ya 19. Baadaye ikachapwa kwa miaka mingi Ulaya, India na Japani kabla ya viwanda vya kwetu, kikiwamo kile cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Kwa hiyo sisemi kwamba cha nje ni kibaya. Ninasema kwamba bibi zetu waliipokea nguo ya nje kwa kuigeuza, kuikagua na kusoma jina lake kabla ya kuifunga kiunoni.

Shirika la Viwango lipo, Tume ya Ushindani ipo, na zinakamata bidhaa bandia. Lakini hakuna ofisa atakayesimama nawe kwenye kila meza ya Kariakoo. Hapo unahitaji mtu anayejua.

Hatimaye tulikwenda kwa rafiki yangu sote wawili. Aliweka vitambaa viwili sambamba, akavigeuza. Kimoja kilikuwa na rangi ile ile ndani na nje, kikiwa na mishipa myembamba isiyofanana, mahali ambapo nta au utomvu wa kuzuia rangi ulipasuka na rangi ikapenya. Kingine kiling'aa usoni lakini mgongoni kilikuwa kimepauka kama gazeti la zamani. "Ukingo unaweza kuandikwa chochote, wifi," alimwambia mchumba wangu, "mgongo haudanganyi." Lile neno wifi lilinigusa kuliko somo lenyewe, kwa sababu kwa neno moja alikuwa amejiweka mahali pake katika maisha yetu, upande wa dada zangu, wala hakuna aliyebaki na swali.

Najua wapo wanaolitumia neno "rafiki" kama wale wachapaji wanavyoutumia ukingo wa kitambaa, ili kufunika kisichokuwa urafiki. Ndoa zimevunjika kwa ajili hiyo, na siwalaumu wenye hofu. Hata hivyo, kuwapo kwa vitenge bandia hakujatufanya tuache kuvaa vitenge, kumetufundisha kuvigeuza. Urafiki wa mwanamume na mwanamke nao unageuzika: je, mwenzi wako anamfahamu? Je, anaingia kwa mlango wa mbele? Je, mnayozungumza mkiwa wawili mnaweza kuyaendeleza akija wa tatu? Urafiki wangu ungeyajibu maswali yote hayo vizuri, laiti ningeuruhusu uulizwe. Mimi ndiye niliyeufanya ufanane na bandia kwa kuuficha.

Sasa mchumba yule ni mke wangu. Mwezi uliopita alikwenda Kariakoo peke yake, akakaa kwa rafiki yangu mchana mzima, akarudi jioni na doti ya kanga ya mama yake. Hakuniambia imechapwa nchi gani, nami sikuuliza. Aliitandaza kitandani, akaisogeza karibu na dirisha palipokuwa na mwanga, akanisomea jina lake kwa sauti, "Wema hauozi," kisha akakunja ncha moja ya pindo na kuanza kuangalia upande wa ndani.