Nilienda Kuvua, Nikavuliwa

Jamani, kwa kuwa ile sauti aliyorekodi shemeji imeshafika mpaka kwa watu ambao sikujua kama wana simu, ngoja niseme mwenyewe. Samoni, yule samaki tuliyemfuata, hakunivua suruali. Samoni hakuhusika kabisa, alikuwa huko chini na shughuli zake. Na sikuwa "kama nilivyozaliwa". Nilikuwa na boksa. Ina vibata vya njano, ndiyo, lakini ni boksa.

Mzee mnamjua, yule Mmarekani mstaafu mwenye boti kule Ludington, kando ya Ziwa Michigan. Mnajua pia kwamba tangu theluji ikiwa bado mlangoni nimewachosha hapa kwa picha za vijiko vya kuvulia, rili za kukunjia mshipi na mishipi yenyewe, nikibishana na watu waliovua Ziwa Michigan kabla mimi sijaweza kulionyesha kwenye ramani. Basi Jumamosi ilikuwa siku yangu. Mzee aliniambia: "Upande wa kulia wa boti ni wako. Funga unavyojua." Mtu mzima akikuachia upande mzima wa boti yake, hiyo ni heshima.

Kwa mlioingia jana: huku tunarambaza. Boti inakwenda taratibu, kama kilomita 4 kwa saa, na nyuma inaburuza vijiko, yaani vibati vilivyopakwa rangi vinavyoyumba majini mpaka samoni aamini ni alewife, dagaa wa huku. Samoni wenyewe si wenyeji. Jimbo la Michigan liliwapandikiza aina mbili, coho mwaka 1966 na chinook mwaka 1967, wawale hao alewife waliokuwa wamejaa ziwa mpaka wanakufa na kunuka ufukweni. Chinook anapenda maji ya baridi, kama nyuzi 12 za Selsiasi, na mwezi wa Agosti baridi hiyo iko chini sana. Kwa hiyo ugomvi wote wa vifaa ni huo: utakifikishaje kibati cha gramu chache mita 20 chini huku boti inatembea?

Shemeji ni mtu wa mshipi wa risasi. Ndani una uzi wa risasi, nje umesukwa nailoni inayobadilika rangi kila yadi 10. Unahesabu rangi ulizoachia, kila rangi inakushusha karibu mita moja na nusu, umemaliza. Alinisihi: "Shem, anza na huu." Nikamwona mshamba. Mimi nilitaka dawnriga.

Dawnriga ni winchi ndogo ya ukingoni mwa boti, yenye waya, na mwisho wa waya kuna chubwi la kilo 5 na ushee. Mshipi wako unaubana kwenye klipu karibu na chubwi, unalegeza breki, chubwi linazama na mshipi wako. Samoni akivuta, klipu inaachia, mnabaki wawili. Nilikuwa nimechagua fimbo laini inayokubali kupindwa kutwa nzima, rili yenye kihesabio cha urefu wa mshipi ulioachia, mshipi wa kuhimili ratili 20. Mpaka hapo Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Naomba hilo mliweke kwenye kumbukumbu, maana halitajirudia.

Tatizo klipu. Wimbi kidogo, imeachia. Nabana, imeachia. Na shemeji ananitazama, rangi zake zote ziko majini, mikono iko mifukoni. Nikakaza skrubu ya klipu. Nikaikaza tena. Nikachukua plaizi.

Halafu nikaamua kuongeza kijiko cha pili. Ni mbinu halali hii, msinirukie. Chubwi likishashuka kidogo unalisimamisha, unafunga kwenye mshipi uleule uzi mfupi wa kama mita 2 wenye kijiko chake, unakitupa majini, unaendelea kushusha. Fimbo moja, vijiko viwili. Ndoano yake ni ya pembe tatu, na niliinoa mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo huku naimba.

Sasa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo shemeji anapoharakisha kwenye sauti yake ili acheke.

Nilifunga uzi. Nikakishika kijiko, kijani na fedha, kizuri kweli, nikakirusha nyuma yangu bila kuangalia, kwa madaha, kwani shemeji alikuwa ameanza kurekodi na nilitaka nionekane nimezoea. Hakikufika majini. Upepo ulikirudisha, kikaning'ang'ania pale nyuma ninapokalia. Sikuhisi kitu. Nikaitazama simu ya shemeji, nikasema (haya yamo kwenye video, siwezi kuyakana): "Wataalamu hufanya hivi." Nikalegeza breki.

Chubwi likaenda.

Mwanzoni nilidhani kuna mtu ananiita kwa kunivuta suruali, tena kistaarabu. Nikageuka niseme "naam?" Hapakuwa na mtu. Palikuwa na uzi, umenyooka kutoka makalioni mwangu hadi majini, unatetema. Nikauona. Nikauelewa. Akili ilifanya kazi yake yote, ila mikono ikaenda kushika kofia. Msiniulize kwa nini kofia.

Na kamba ya kiuno sikuwa nimeifunga. Wale mnaovaa traksuti mnanielewa, nani hufunga ile kamba? Suruali ikashuka mpaka magotini, ikakwama hapo, mikono nayo ikawa imezinduka, nikaidaka. Nikaegemea nyuma. Tukavutana, mimi upande huu, chubwi na ziwa lote upande ule. Klipu iliyokazwa na mtu mwenye akili timamu ingeachia hapo hapo. Yangu, sasa ndiyo imekuwa mwaminifu. Nikapiga kelele: "Breki! Shem, breki!" Breki iko hatua moja kutoka alipo. Yeye akapiga hiyo hatua, akasogeza simu karibu zaidi.

Nikateleza. Nikakaa kwenye sitaha, kishindo kikasikika. Miguu ikapanda juu, ndala zikaenda kila moja na njia yake, na suruali ikapita magotini, ikapita kwenye vifundo, ikapita vidoleni, ikasita kidogo juu ya ukingo wa boti kama mgeni anayeaga, ikazama.

Hapo ndipo shemeji akafunga breki. Asante sana, shemeji.

Sasa niambieni, suruali ya traksuti, miguu yote miwili imejaa maji, ikiburuzwa kule chini na boti inayotembea, inafanya nini? Inapiga. Fimbo ikainama, ikatikisika, ikatulia, ikatikisika tena. Mzee muda wote huo alikuwa kwenye usukani anatazama mbele, maana Jumamosi ya Agosti boti ni nyingi mno kule. Akageuka. Alichokiona ni fimbo. Ziwa limemfundisha kuangalia fimbo kwanza, mengine baadaye, na mengine ndiyo nilikuwa mimi.

"Samaki!" Akamwachia shemeji usukani, akairukia fimbo, akaipiga juu kwa nguvu zake zote, na ile klipu iliyonikatalia mimi ikamwachia yeye.

Nikasema, "Mzee, hiyo ni suruali yangu."

"Si sasa, kijana."

"Mzee, ni suruali..."

"Lete wavu!"

Mtu mzima akikuagiza wavu, unafanyaje? Nilileta wavu. Nikasimama tezini, vibata hadharani, wavu mkononi, huku yeye anazungusha rili na kunifundisha kwa pumzi za kukatika. Kwamba huyu si coho, coho angeshaanza kurukaruka. Kwamba huyu ni dume la chinook, zito, linang'ang'ania chini, sikia linavyotikisa kichwa. Nikamjibu ndiyo Mzee, nasikia. Shemeji, badala ya kusema neno, alikuwa ameinama juu ya usukani mabega yanamcheza. Boti ya jirani ikapunguza mwendo waone vizuri. Kulikuwa na watoto. Mmoja alinipungia mkono, nami nikampungia, kwani ningefanya nini?

Ikaja juu. Mzee akaniambia nipitishe wavu kuanzia kichwani. Nilitafuta kichwa. Nikaanzia kiunoni.

Akaitazama suruali. Akanitazama mimi. Akatazama vibata, hapo akakaa kidogo. Hakusema neno. Ndipo redio ikalia, nahodha wa ile boti ya jirani anauliza, kama kawaida ya wavuvi wa huku: hongereni, amekamatwa kwa rangi gani? Mzee akachukua kipaza sauti, uso mkavu kabisa, akajibu: "Bluu. Ina zipu."

Yaliyofuata hayana maana sana. Shemeji alipata chinook wawili kwa mshipi wake wa kishamba. Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye hiyo zipu, ukagoma, tukarudi na gari lake. Nilivaa ovaroli ya mvua ya Mzee inayonifika kidevuni. Klipu nimeshalegeza, na anayetaka kujua kiasi gani: uvute mshipi kwa mkono, uachie bila wewe kukunja uso. Basi.

Tatizo ni lile kundi la ukoo. Kabla boti haijafika hata gatini shemeji alikuwa ameshatuma sauti yake, na kichwa cha habari ndicho hicho nilichomwibia hapo juu. Humo ndani yumo mama yake. Mama mkwe wangu. Mtu ambaye mbele yake sijawahi hata kupandisha mikono ya shati. Kundi zima likanyamaza, nadhani kwa adabu, mpaka yeye mwenyewe alipoandika: "Pole baba. Suruali ilipatikana?"

Nikaandika ilipatikana mama, shikamoo. Nikadhani yameisha. Leo asubuhi kaandika tena, humohumo kundini, wote wanaona: kuna mtu wa huku anasafiri kurudi wiki ijayo, anataka kumpa mkanda aniletee, kwa hiyo niseme kiuno changu ni namba ngapi. Na shemeji, bila kuulizwa, akamjibu kwa niaba yangu kwamba mkanda hautoshi, aweke na kamba.