Tike ya dola moja Goma: ni bei ya nani?

Waasi wa M23 waliingia Goma mwezi wa kwanza 2025, banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa, lakini vijana wakikaa chini tu lazima mmoja aulize konseri kubwa zitarudia lini ku shule ya Collège Mwanga. Na hapo ndo mabishano ya zamani inaanza tena, kama tike ya dola moja ya Festival Amani ni bei ya haki ao hapana.

Kwa wale hawaijui, Festival Amani ilipangwa ianze mwezi wa 8 2013, wakati wa kiangazi, vita kandokando ya mji ikairudisha nyuma, ikakuja kufanyika mwezi wa 2 2014. Siku tatu za muziki na dansi, kuingia dola moja kwa siku. Mwaka 2020 Youssou N'Dour mwenyewe, nyota wa Senegal, alipanda ku podium pale. Kwa dola moja!

Wenye kuitetea hiyo bei wako na haki kubwa. Goma watu wengi wanakula ile walipata leo. Weka tike dola kumi uone, utajaza watu wa ONG na watoto wa wakubwa, halafu kijana wa Birere atasikilizia muziki nyuma ya ukuta. Tena pesa haiingiaki mlangoni peke yake, iko inazunguka inje: wanamoto, wenye karanga, mama wa sambaza (samaki wadogo) anakaanga tangu asubuhi. Hata kambiste, mwenye kubadilisha pesa, anakula. Mtu anatoa noti yake ya dola, mlinzi anaigeuza kwa jua, anaona imepasuka kidogo ku pembe, anaikataa, basi yule anakimbia kwa kambiste kando ya barabara, huyo anaipokea kwa kupunguza, anampa franka, na mstari unaendelea kusukumana.

Sasa upande mwingine. Tuseme tike elfu thelathini zimeuzwa, hiyo ni dola elfu thelathini, na hapo hujalipa podium, sono (vyombo vya sauti), jenereta, walinzi, ndege za watu kutoka mbali na hoteli zao. Haitoshi hata kwa mbali. Kwa hiyo festivali ya bei hiyo inasimama juu ya sponsa na wafadhili, na mwenye kulipa ndo anachagua wimbo, hata kama hasemi kwa nguvu. Siku mfadhili akichoka, ao akiogopa usalama, mji mzima unabaki unaangaliana. Mimi hii ndo naona iko hoja nzito kuliko zote, na wenye kutetea dola moja wanaipitaka mbio mbio.

Ile hoja ingine, ya kwamba watu walikuwa wanacheza wakati wengine wanalala chini ya shiti ku kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, naielewa, tangu 2022 kambi zilijaa na hakuna mtu wa Goma hakuwa na ndugu kule. Lakini wanaoongeza kwamba "waliimba amani na vita ikarudi" hapo siwafuate. Hakuna mtu anaulizaka kama mechi ya DC Virunga ilisimamisha risasi. Kosa labda ni la kuweka ahadi kubwa ku mabango, juu mfadhili anapenda kusikia neno amani kuliko neno starehe, wakati watu wa hapa starehe tu ingewatosha na wako na haki nayo.

Tena hiyo dola moja yenyewe si ile ya zamani. Mwaka 2014 ilikuwa kama franka 920, mwaka 2024 ilikuwa imefika 2.800 hivi. Mwalimu analipwa kwa franka, mama wa sambaza anauza kwa franka, kwa hiyo tike tunaita "haijapanda" ilishapanda karibu mara tatu ndani ya mfuko yao. Ajabu sisikiaki upande wowote unasema hii.

Kwangu bei ndogo ibaki, lakini iandikwe kwa franka. Penye kukata ni kwa majina makubwa. Najua nyota ndo anavuta watu, bila yeye uwanja unaweza kuwa nusu tupu, na mtoto wa hapa kumuona mtu wa kiasi hicho kwa macho yake si kitu kidogo. Ila kwa sasa hata kumfikisha ni shida, uwanja wa ndege umefungwa, atashukia Kigali avuke mpaka, na kwa siasa ya leo wengi hawatakubali kupita huko. Basi awe mmoja, siku ya mwisho. Makuta yenye kubaki ilipe wanamuziki na wachezaji wa Goma, Bukavu na Bunia kaché (malipo ya msanii) ya kweli, si tishati na sahani ya wali kama tulivyozoea ku mashoo mingi za huu mji. Yolé!Africa, kituo cha sanaa cha hapa Goma, walikuwa wanakusanya vijana kwa filamu, dansi na hip hop mbele ya 2014, bila kelele nyingi, na watu walikuwa wanakuja.

Sponsa watasema bila majina makubwa hawatoe kitu, na wengi kweli hawatatoa. Podium itakuwa ndogo, ni sawa.