Wikiendi ya bao moja: Simba, Yanga na ubishi wa robo fainali ya 2024

Mechi nne za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, siku mbili, bao moja. Ndivyo ilivyokwenda wikiendi ya Pasaka ya 2024. Bao lenyewe lilifungwa Dar es Salaam usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, dakika ya 4 tu ya mchezo, na Ahmed Nabil 'Koka' wa Al Ahly dhidi ya Simba. Watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao. Kesho yake Yanga wakatoka suluhu na Mamelodi Sundowns pale pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, tunaouita 'kwa Mkapa', Petro de Luanda suluhu na TP Mazembe, Espérance suluhu na ASEC Mimosas. Ukiitazama karatasi ya matokeo peke yake utadhani ilikuwa wikiendi ya kulala.

Sisi hatukulala. Ilikuwa Ramadhani na Pasaka kwa pamoja, mechi zinaanza saa 3 usiku, watu wameshafuturu, wengine wametoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu, na Tanzania ndiyo nchi pekee iliyoingiza timu mbili kwenye nane bora. Si Misri, si Morocco, si Algeria. Simba walifika kwa kuwapiga Jwaneng Galaxy 6-0, Yanga kwa kuwapiga CR Belouizdad 4-0. Kwa hiyo matumaini hayakuwa ya kuokota barabarani. Timu zetu zilikuwa zinafunga.

Ubishi ulioanza Jumapili asubuhi, na ambao mpaka leo haujaisha vijiweni, ni huu: kati ya Simba aliyefungwa 1-0 akishambulia na Yanga aliyetoka 0-0 akijilinda, nani alicheza vizuri zaidi? Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani Simba, nimezaliwa humo, na ningependa sana jibu liwe Simba. Lakini tuupime kwa haki.

Upande wa Simba una hoja ya maana. Baada ya lile bao la mapema, timu nyingi za ukanda huu zingeingiwa na ubaridi na kuanza kuhesabu yatakuwa mangapi. Simba hawakufanya hivyo. Waliinuka, wakapiga mpira, wakawarudisha mabingwa watetezi wa Afrika nyuma, wakatengeneza nafasi, na kipa kijana Mostafa Shobeir, aliyekuwa anakaa golini kwa sababu El Shenawy alikuwa majeruhi, akawa na usiku wa kazi. Kibu Denis alikimbia mpaka ukamwonea huruma. Ukimleta mgeni asiyejua matokeo akatazama kipindi cha pili, angesema timu nyekundu iliyo nyumbani ndiyo inayoongoza. Na historia iliruhusu kuamini: Al Ahly hawa hawa walifungwa kwa Mkapa mwaka 2019 kwa bao la Meddie Kagere, wakafungwa tena mwaka 2021 kwa lile shuti la Luis Miquissone, na miezi mitano tu kabla ya Pasaka hiyo walitoka hapo 2-2 kwenye ufunguzi wa African Football League. 'Kwa Mkapa hatoki mtu' haikuwa kelele tupu.

Wanaoitetea Simba wanaongeza jambo la pili, nalo ni zito: klabu inayotaka kuwa kubwa haiwezi kila mwaka kumngojea mkubwa amalize shughuli zake ndipo nayo ianze. Lazima siku moja umkabe huko huko kwake. Simba walijaribu.

Sasa geuza upande wa pili. Kucheza vizuri baada ya kufungwa ni jambo ambalo Al Ahly wamezoea kuwaachia wenyeji. Wanafunga mapema, wanakupa mpira, wanakuacha upige krosi, mabeki wao wanaondoa, kipa anaanguka na kukaa chini kidogo, saa inakwenda. Ile presha tuliyoisifu kwa sehemu kubwa tuliruhusiwa kuifanya. Tulipofika Cairo tarehe 5 Aprili, tukihitaji ushindi wowote ili walau tupelekane kwenye matuta ya penalti, tukafungwa 2-0. Halafu kuna kejeli moja ambayo watu wa Simba huwa tunaipita haraka. Kocha wetu wakati ule, Abdelhak Benchikha, ndiye aliyeipa USM Alger Kombe la Shirikisho mwaka 2023 kwa kuitoa Yanga kwenye fainali, na ndiye aliyewafunga Al Ahly hao 1-0 kwenye Super Cup miezi mitatu baadaye. Alijua fika jinsi ya kuzishinda mechi hizi: usiruhusu la mapema, vumilia, piga mara moja. Tumemleta mtu wa hesabu hizo, na dakika ya 4 hesabu imeshavurugika.

Yanga ya Jumamosi ilikuwa kinyume chake. Kocha wao Miguel Gamondi alimkosa Pacome Zouzoua, mtu ambaye mwezi mmoja nyuma mashabiki walipaka nywele rangi ya dhahabu kwa ajili yake, na mbele yake walisimama Sundowns, klabu iliyotoa uti wa mgongo wa Afrika Kusini iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) mwezi Februari. Akaamua kuwapa mpira. Wale jamaa wa Pretoria wakapiga pasi mpaka wakachoka wenyewe, wakizunguka nje ya boksi la Yanga, na kila walipotafuta mlango wakakutana na Dickson Job, Ibrahim Bacca na nyuma yao Djigui Diarra. Yanga wakishika mpira wanakimbia nao moja kwa moja kuelekea golini, bila mapambo.

Kijiweni kwetu tulicheka. Wenyeji, uwanja wa watu 60,000, halafu mnapaki basi, mnarundikana nyuma kujilinda? Tulisema mengi, na mengine hayaandikiki hapa. Lakini ukiondoa utani, kulikuwa na hesabu ndani yake. Mashindano yale bado yalikuwa yanatumia kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini anapita. Suluhu nyumbani ilikuwa na maana kwamba sare yoyote yenye mabao Pretoria inawavusha Yanga. Sundowns ndio waliokwenda kwao wakijua kwamba bao moja la mgeni litawalazimisha kufunga mawili. Sisi tuliofungwa 1-0 tulikuwa na mlima. Wao walikuwa na mlango ulio wazi kidogo.

Na marudiano yakathibitisha. Kipindi cha pili, Aziz Ki akapiga shuti lililogonga mtambaa wa panya, likashuka chini, na kwenye picha zote za marudio mpira unaonekana umevuka mstari. VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi, ilikuwapo. Bao halikukubaliwa. Dakika 90 zikaisha 0-0, Sundowns wakashinda kwa penalti 3-2, na Yanga wakapeleka malalamiko CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mtu wa Simba kusema hivi si rahisi, lakini lile lilikuwa bao.

Kipimo kingine cha mpango wa Gamondi hakitajwi sana. Espérance ya Tunisia nao walitoka suluhu nyumbani wikiendi hiyo hiyo, wakaenda Abidjan wakatoka suluhu tena, wakashinda kwa penalti, kisha wakawatoa hao hao Sundowns kwenye nusu fainali kwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini, wakafika fainali. Njia ile ile waliyoipita Yanga, hatua kwa hatua, mpaka kwenye matuta. Kama kuna anayesema suluhu ya nyumbani ni uoga, basi amwambie na Mtunisia.

Naomba niseme neno kuhusu pasipoti, maana hakuna anayeikumbuka wikiendi ile bila kulitaja. Kabla ya mechi, aliyekuwa waziri wa michezo, Damas Ndumbaro, alionya kwamba shabiki wa Kitanzania atakayevaa jezi ya wageni ataombwa pasipoti. Wapo waliomuunga mkono: timu zinaiwakilisha nchi, pointi za CAF ndizo zinazotupa nafasi nne za klabu kwenye mashindano ya Afrika, na kumzomea mwenzako mbele ya Mwarabu au Mzulu ni kujichoma mwenyewe. Hoja ya pointi ni ya kweli kabisa. Simba wakifanya vibaya Yanga nao wanaumia. Lakini utani wa jadi ndio unaojaza uwanja huo, ndio unaouza jezi, na ukiuondoa unabaki na ligi ambayo hakuna anayeigombania. Uzalendo wa kulazimishwa hauna ladha. Isitoshe, adhabu ilikuwa imeshawekwa na rangi zenyewe: mtu wa Simba akitaka kumshangilia Sundowns anavaa njano, na mtu wa Yanga akitaka kumshangilia Al Ahly anavaa nyekundu. Nani yuko tayari?

Turudi kwenye mpira. Baada ya kuutazama ubishi huu kutoka pande zote mbili, naona umeshika mahali pasipouma. Simba walishambulia, hawakufunga. Yanga walijilinda wakashambulia kwa kushtukiza, hawakufunga bao lililohesabiwa. Jumlisha mikondo yote miwili: timu mbili za Tanzania, dakika 360, mabao sifuri kwenye kitabu. Mipango miwili inayopingana imetoa jibu moja, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa mpango.

Tazama nani alikuwa anasimama mbele. Simba, kwenye dirisha dogo la usajili la Januari 2024, katikati ya hatua ya makundi, waliachana na Jean Baleke na Moses Phiri kwa mkupuo, wakawaleta Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Washambuliaji wawili wapya, miezi mitatu kabla ya Al Ahly. Hata kama wangekuwa malaika, kiungo wetu Clatous Chama hakuwa amepata muda wa kujua wanapenda pasi ya mguu upi. Yanga walimuuza Fiston Mayele kwa Pyramids katikati ya 2023, baada ya kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho kwa mabao 7, wakamjaribu Hafiz Konkoni, wakamwacha, wakamleta Joseph Guede Januari hiyo hiyo. Wako watakaonijibu kwamba Guede na Kennedy Musonda wote walifunga siku ya Belouizdad. Ni kweli, walifunga, kwenye mechi ambayo mpinzani alishavunjika. Robo fainali inakupa nafasi moja, labda mbili, ukiwa umebanwa na mabeki wawili, na hiyo inataka mtu ambaye kazi yake maishani ni hiyo tu.

Mwisho wa msimu ligi yenyewe ikaweka muhuri. Mfungaji bora akawa Aziz Ki, mabao 21. Wa pili Feisal Salum wa Azam, mabao 19. Wote viungo. Tulishangilia sana ule mchuano, na kwa kweli ulikuwa mtamu, ila ligi ambayo viungo wawili wanakimbizana kileleni na hakuna namba tisa, mshambuliaji wa kati, anayewakaribia inakuambia kitu kuhusu wale wanaolipwa kufunga.

Najua klabu zina utetezi wake. Mshambuliaji mkali ndiye mchezaji ghali kuliko wote, akifunga mabao 15 huku Waarabu wanakuja na fedha ambazo Jangwani kwa Yanga na Msimbazi haziwezi kuzikataa, na mchezaji mwenyewe anataka kwenda. Kumzuia Mayele kungekuwa kumzuilia riziki. Hilo nalikubali lote. Nisichokubali ni kumuuza mtu wa namna hiyo halafu kumtafuta mbadala kwa majaribio, dirisha baada ya dirisha, tena msimu ambao una Ligi ya Mabingwa. Fedha zinazotoka kwa namba tisa zinapaswa kurudi kwa namba tisa mwingine kabla hazijapita kwenye mawinga na viungo wa kuvutia jezi.

Simba wa msimu uliofuata walionja tofauti kidogo. Aprili 2025, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, wakiwa nyuma 2-0 kutoka Misri, waliwafunga Al Masry mawili kwa Mkapa ndani ya kipindi cha kwanza, moja la Elie Mpanzu na moja la Steven Mukwala, mshambuliaji halisi, kisha wakapita kwa matuta. Wakafika fainali, ambako RS Berkane waliwazidi. Mfungaji bora wa ligi msimu huo? Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, kiungo tena.

Na Mayele? Tarehe 1 Juni 2025, Cairo, mkondo wa pili wa fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids dhidi ya Sundowns hao hao, golini yuko Ronwen Williams yule yule aliyewatoa Yanga kwa matuta. Akamfunga kipindi cha kwanza. Pyramids wakashinda 2-1 siku hiyo, wakachukua kombe, na yeye akamaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao 6.